Kunja, Nenda, Nyoosha, Rudi

Desemba 1991, likizo ya kidato cha pili, baba alinichukua niwe utingo wake. Roli lilikuwa Bedford la zamani, usukani wake wa nguvu za mkono mtupu. Ukitaka kukunja tairi za mbele likiwa limesimama na mzigo, ilibidi unyanyuke kitini na kuulalia usukani kwa kifua. Kazi yetu ilikuwa kuzunguka vijiji vya Newala, kupakia magunia ya korosho na kuyafikisha ghalani mjini. Uwanja wa ghala hilo ulikuwa finyu. Upande huu ukuta, upande ule mwembe mkubwa ambao wapagazi walipumzika chini yake, na katikati jukwaa la saruji la kushushia mzigo.

Jioni moja baba alijikuta amesimama sambamba na jukwaa, sawasawa kabisa, ila mbali nalo kama hatua mbili. Mpagazi hawezi kuvuka hatua mbili za hewa na gunia begani. Roli lilitakiwa lisogee ubavu, na roli si kaa. Lina mbele na nyuma, basi.

"Simama pale konani," baba akaniambia. "Ukiona tairi inakaribia mwembe, piga bodi."

Akaanza, huku akijiagiza mwenyewe kwa sauti kama afanyavyo kila akiwa kwenye nafasi mbaya. Kunja. Nenda. Nyoosha. Rudi. Alikunja usukani kushoto, akaenda mbele kidogo, akanyoosha tairi, akarudi nyuma kwa urefu uleule. Mimi niliyekuwa nje niliona jambo ambalo sikulielewa. Alichokunja alikinyoosha. Alikokwenda alirudi. Kwa hesabu yangu ya kidato cha pili, roli lilipaswa kuwa pale pale lilipoanza. Lakini pua yake ilikuwa inaangalia kwingine. Kisha akaenda mbele kidogo, akafanya tena mambo manne, safari hii kwa mpangilio mwingine, akarudi nyuma, na pua ikanyooka. Roli sasa lilikuwa limesogea kuelekea jukwaani. Upana wa kiganja, labda. Akarudia. Akarudia tena. Nilikuwa nahesabu: alirudia mara ishirini na tatu, mpaka jukwaa likagusana na bodi na wapagazi wakainuka.

Usiku, tukila, nikamuuliza. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinijibu kwa swali. "Mzigo umeufunika turubai, juu yake umefunga kamba. Ukitaka kufunua, unaanza na kipi?"

"Kamba."

"Kwa nini si turubai, wakati turubai ndilo lililotangulia?"

Nikanyamaza. Akachukua kijiti, akachora mchangani karibu na taa ya chemli. Ukitaka roli lirudi pale pale, alisema, lazima la mwisho uliondoe kwanza. Umekunja, umekwenda, umenyoosha, umerudi. Kulifuta hilo unakwenda, unakunja, unarudi, unanyoosha. Maneno ni yaleyale manne. Mpangilio wa kwanza unaigeuza pua, mpangilio wa pili unairudisha. Lakini ukifuta kwa kufuata ulivyoanza, yaani kamba iko juu nawe unang'ang'ania turubai, hutarudi ulikotoka. Utafika mahali pengine.

"Na hapo pahali pengine," akamalizia, "ndipo tulipopataka leo."

Ilinichukua miaka saba kujua kwamba baba alikuwa amenifundisha bano la Lie.

Wasioijua Newala wanahitaji kwanza kuiona ilivyokaa. Mji uko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Ukisimama Shimo la Mungu, ardhi inakatika mbele ya miguu yako, na chini kabisa unaona bonde la Ruvuma likinyooka hadi Msumbiji. Juu kuna mchanga, mikorosho na upepo. Maji hakuna. Mvua ikinyesha inazama moja kwa moja na kutokeza chini, kwenye chemchemi za mabondeni. Mjerumani Karl Weule, aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika simulizi ya Wamakonde kuhusu mtu wa kwanza aliyechonga umbo la mwanamke kwa mti, akalisimamisha, nalo likawa mwanamke wa kweli. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa karibu na mto, akafa. Wakapanda, wa pili akafa. Wakapanda zaidi, mpaka juu kwenye vichaka, na wa tatu akaishi. Ndiyo maana tuko juu, na maji yako chini.

Mradi wa kusukuma maji kwa pampu kutoka mabondeni ulianza miaka ya 1950, lakini katika utoto wangu pampu zilisimama mara nyingi kuliko zilivyofanya kazi mtaani kwetu. Mama alishuka. Aliondoka kabla ya alfajiri, akarudi jua likiwa limekwishachoma. Nikimkumbuka sasa, nawaza kama mwalimu wa hesabu. Kwenye ramani mama ametoka nyumbani na amefika nyumbani. Ameshuka kiasi alichopanda. Jumla ya safari yake ni sifuri. Lakini kichwani ana ndoo imejaa. Kuna mizunguko inayofunga bila kuacha kitu, na kuna mizunguko inayokurudisha ulipoanza ukiwa na kitu ambacho hukuwa nacho. Aljebra ninayotaka kuieleza ni elimu ya kuitofautisha mizunguko hiyo miwili.

Mwaka 1996 nilichaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma fizikia na hisabati. Kuondoka kwangu hakukuwa kuzuri, na nitakurudia. Huko Mlimani nilikuwa mwanafunzi wa kawaida hadi mwaka wa pili, tulipoanza fizikia ya kwanta. Siku hiyo mhadhiri aliandika ubaoni kwamba mahali mara mwendo, kutoa mwendo mara mahali, si sifuri. Darasa zima likainua macho. Tangu darasa la tatu tumeambiwa tatu mara tano ni sawa na tano mara tatu, leo tunaambiwa kuna vitu ambavyo ukivipindua jibu linabadilika, na kwamba kubadilika huko ndiko kunakoibeba dunia ya atomu. Niliunakili mstari ule kama mtu anayenakili maandishi ya lugha asiyoijua. Mtihani wa kwanza wa somo hilo nilianguka.

Nilichokosa ni picha. Niliipata mwaka 1998, maktabani, ndani ya kitabu chembamba cha Edward Nelson wa Princeton kilichochapishwa mwaka 1967. Kitabu ni kigumu, na kurasa nyingi zilinipita. Lakini katikati yake mwandishi anaacha alama na kuzungumzia mtu anayetaka kuingiza gari kwenye nafasi finyu kando ya barabara. Dereva, anasema, ana mambo mawili tu mikononi: kukunja na kuendesha. Yapange kwa bano, yaani kunja, endesha, rudisha usukani, rudisha gari, na utapata mwendo wa tatu ambao hamna wenzo wala kanyagio lake ndani ya gari: kugeuka pua. Chukua huo wa tatu, uuwekee bano pamoja na kuendesha, na utapata wa nne: kwenda ubavu.

Nilifunga kitabu nikatoka nje. Nilisimama chini ya mti na kuona uwanja wa ghala, mwembe na ukuta. Nilimwona baba amelalia usukani kwa kifua.

Sasa niliweza kurudi kwenye ubao wa mhadhiri. Chukua kibiriti, kilaze mezani, picha juu. Kiinamishe mbele robo mzunguko, kisha kilaze kulia robo mzunguko. Kumbuka kimekaaje. Anza upya, safari hii kulia kwanza, mbele baadaye. Hakikai vilevile. Hilo hata mtoto analiona. Jambo linalohitaji subira ni kufanya mizunguko hiyo iwe midogo sana. Kiinamishe mbele kidogo tu, kilaze kulia kidogo, kiinue kutoka mbele, kirudishe kutoka kulia. Mambo manne, kama ya roli. Kibiriti kitakuwa kimejizungusha juu ya meza kama pia, kidogo mno, ingawa hakuna aliyekizungusha hivyo. Bano la kuinama na kulala ni kuzunguka. Bano la kulala na kuzunguka ni kuinama. Bano la kuzunguka na kuinama ni kulala. Yako matatu, yanazaana yenyewe kwa yenyewe, na hayatoki nje ya ua wao. Ukoo mdogo wa namna hiyo, wa hatua ndogo na mabano yake, ndio unaoitwa aljebra ya Lie.

Jina, linalotamkwa Li, ni la Sophus Lie, Mnorwe aliyezaliwa mwaka 1842. Swali lake halikuwa la fizikia hata kidogo. Alitaka kujua kwa nini baadhi ya milinganyo ya mabadiliko inatatulika na mingine inagoma, akaona siri iko kwenye ulinganifu: ni mageuzi gani unaweza kuufanyia mlinganyo nao ukabaki vilevile. Mageuzi hayo yanaweza kuwa makubwa na magumu kushikika. Lie akagundua kwamba huna haja ya kuyashika yote. Shika hatua ndogo kabisa za mwanzo, jua mabano yake, na mageuzi makubwa yatajijenga, kama safari inavyojengwa kwa nyayo. Mwaka 1870, vita vya Ufaransa na Prussia vilipoanza, alikuwa Ufaransa. Akaamua kwenda Italia kwa miguu. Alikamatwa Fontainebleau akidhaniwa jasusi wa Wajerumani, kwa kuwa mkobani mwake walikuta maandishi yaliyojaa alama wasizozielewa. Alikaa gerezani kama mwezi mmoja, akiendelea na hesabu zake, hadi Gaston Darboux, mwanahisabati Mfaransa, alipomtetea akaachiwa.

Lakini ninayemheshimu kuliko wote katika habari hii ni Wilhelm Killing. Nafundisha Masasi, na pengine ndiyo sababu. Killing hakuwa Paris wala Berlin. Alifundisha katika chuo kidogo cha mji wa Braunsberg, ambao leo ni Braniewo nchini Poland, mbali na maktaba kubwa, mbali na wenzake, mchana umejaa vipindi. Akiwa huko alijiuliza swali la ujasiri wa ajabu: aljebra hizi, zile zilizo sahili kiasi kwamba haziwezi kugawanywa, ziko ngapi duniani? Zote, zilizojulikana na ambazo bado hazijafikiriwa na mtu? Kati ya 1888 na 1890 alichapisha jibu. Kuna koo nne zisizo na mwisho, na nje ya hizo wapo wachache wasio na ukoo, wapweke watano. Mdogo wao ana hatua 14. Mkubwa ana hatua 248. Kazi ilikuwa na mapengo, na Élie Cartan, Mfaransa, aliyaziba katika tasnifu yake ya mwaka 1894. Orodha yenyewe ilibaki. Nikiwa na madaftari mia na hamsini ya kusahihisha na umeme umekatika, namkumbuka mwalimu wa Braunsberg.

Mpaka hapo fizikia ilikuwa haijabisha hodi. Ilibisha mwaka 1925. Werner Heisenberg aliandika makala iliyomtia wasiwasi yeye mwenyewe, kwa sababu ndani yake mpangilio wa kuzidisha ulileta tofauti. Kijana wa Cambridge, Paul Dirac, aliisoma na hakutulia. Jumapili moja ya Oktoba, akitembea nje ya mji, ikamjia kwamba tofauti ile inafanana na bano fulani la Poisson alilowahi kuliona katika umekanika wa zamani. Hakuwa na uhakika, na vitabu vyake havikuwa na maelezo ya kutosha. Maktaba zilikuwa zimefungwa, ni Jumapili. Ilibidi angoje usiku kucha, asubuhi akawahi mlango unapofunguliwa. Naipenda habari hii kwa sababu kila mwanafunzi wangu anaijua hali ya kungoja kitabu.

Kilichofuata ni kwamba elektroni, ambayo haina umbo la kibiriti, ilikutwa na mizunguko mitatu yenye mabano yaleyale ya kibiriti. Na hapo pana jambo ambalo nililiamini baada ya kulifanya kwa mkono wangu. Weka sahani kwenye kiganja, imelala kama ya kubebea chakula. Izungushe kuelekea ndani, ipitie kwapani, mpaka ifike mzunguko mmoja kamili bila kumwaga. Sahani imerudi ilipokuwa. Kiwiko chako, sivyo. Kimejipinda na kuelekea juu. Usirudi nyuma. Endelea upande uleule, ipitishe juu ya kichwa, mzunguko wa pili. Mkono umenyooka. Mzunguko mmoja haukutosha, miwili ikatosha. Elektroni ndivyo ilivyo: ukiizungusha mara moja inarudi na alama iliyogeuka, mara mbili ndipo inakuwa ileile. Mwaka 1975 watafiti walipima tabia hiyo kwa nutroni, wakaikuta. Sahani na elektroni kwa upande mmoja, kibiriti kwa upande wa pili, wana aljebra moja. Kwa hatua ndogo huwezi kuwatofautisha hata kidogo. Ni safari nzima inayowatenganisha. Mbegu moja imeota miti miwili.

Mwanahisabati Emmy Noether anahitaji makala yake peke yake, lakini siwezi kumpita bila kumwamkia. Alikwenda Göttingen mwaka 1915, na kwa miaka kadhaa chuo hakikumkubali kuwa mhadhiri kwa sababu ni mwanamke, ikabidi masomo yake yatangazwe kwa jina la David Hilbert. Mwaka 1918 alichapisha nadharia ambayo nadhani kila mtoto wa sekondari anapaswa kuisikia kabla hajamaliza: kila ulinganifu usiokatika wa sheria za mwendo umebeba kitu kisichopotea. Sheria za leo ndizo za kesho, kwa hiyo nishati haipotei. Sheria za Masasi ndizo za Newala, kwa hiyo momentamu haipotei. Ukigeuza maabara ielekee Ruvuma badala ya baharini, sheria ni zilezile, kwa hiyo kiasi cha mzunguko hakipotei. Wanafunzi wangu huwa wamekariri kwamba nishati haiumbwi wala haiharibiwi, kama mtu akaririvyo amri. Nikiwaambia ni kwa sababu kesho inafanana na leo, kuna kimya fulani darasani ambacho nimekuja kukitafuta kila mwaka.

Mwaka 1961 Murray Gell-Mann na Yuval Ne'eman, kila mmoja kwa upande wake, walichukua aljebra moja kutoka kwenye orodha ya Killing, yenye hatua nane, wakapanga kwayo chembe zilizokuwa zikigunduliwa ovyo ovyo na kuwachanganya watu. Kundi moja lilijipanga pembetatu: nne, chini yake tatu, chini yake mbili, na ncha moja. Tisa zilijulikana. Nafasi ya kumi, ile ya ncha, ilikuwa wazi. Bibi yangu alikuwa akisuka ukili huku anaongea na watu, na mchoro ukiruka mstari mmoja jicho lake liliona pengo kabla mkono haujafika. Mwaka 1962 Gell-Mann alitamka hadharani chembe ya ncha itakuwa na uzito gani na chaji gani. Februari 1964 ilipatikana katika maabara ya Brookhaven, Marekani, kama ilivyotabiriwa.

Mwaka huohuo wa 1964 Abdus Salam wa Pakistani alianzisha Trieste, Italia, kituo cha fizikia kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu, ili mtu asilazimike kuchagua kati ya sayansi na kwao. Mmoja wa walimu wetu wa Mlimani alikuwa amepita huko, akarudi na nakala za mihadhara alizotuazima zikiwa zimechakaa pembeni. Salam, pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa kuonyesha kwamba umeme na kani dhaifu ya kiini cha atomu vinakaa ndani ya ulinganifu mmoja wenye hatua nne. Hatua nne, wabebaji wanne: fotoni tuliyoijua, na wengine watatu ambao hawakuwa wameonekana. Walionekana katika maabara ya CERN mwaka 1983. Ongeza hatua nane za kani inayoshika kwaki, chembe zilizo ndani ya protoni na nutroni, na una kumi na mbili. Hiyo ndiyo hesabu ya wabebaji wa kani zote tunazozijua, ukiacha mvutano.

Sasa nirudi kwenye kuondoka kwangu.

Baba alikuwa amenipa mikorosho arobaini, aliyoipanda mwaka niliozaliwa. Alitaka nivune kwanza, nihudumie msimu, ndipo niende chuoni, hata kwa kuchelewa wiki chache. Mimi niliogopa kuchelewa. Niliiuza mikorosho kwa jirani bila kumwambia. Alipojua, tulibishana, nikamtamkia maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake. Kesho yake alfajiri nilipanda basi bila kuaga. Kuuza, kutamka, kuondoka: kwa mpangilio huo.

Nilipopata kazi Masasi mwaka 2000, nilikusudia kufuta yote. Mshahara wa kwanza wa maana niliutuma Newala mikorosho ikombolewe. Miezi miwili baadaye niliandika barua ya kuomba radhi. Mwisho kabisa, Pasaka, nikaenda mwenyewe. Kutoka Masasi, pale chini penye milima ya mawe, hadi kupanda uwandani, nilikuwa na furaha ya mtu aliyelipa deni. Mama alinipokea kwa machozi. Baba aliitikia shikamoo yangu, akanikaribisha kiti, akasema, "Karibu, Mwalimu."

Hajawahi tena kuniita kwa jina langu.

Nilijua pale pale kitini nilichokosea, na sikuhitaji Sophus Lie anieleze. Kamba ilikuwa juu, mimi nikaanza na turubai. Jambo la mwisho nililolifanya lilikuwa kuondoka. Nilitakiwa nianze kwa kurudi, mikono mitupu. Kisha niseme. Fedha ingekuja mwisho, na labda asingeidai. Kwa kutanguliza fedha nilimfanya baba awe mtu anayelipwa. Nilifuta kila kitu, kimoja kimoja, hakuna kilichobaki, na bado hatukuwa pale tulipokuwa.

Kwa muda mrefu niliihesabu hiyo kuwa hasara. Siku hizi sina hakika. Baba anayeniita Mwalimu huniuliza mambo ambayo baba wa zamani asingemuuliza mwanawe. Huniletea barua za chama cha msingi nimsomee masharti ya mnada. Aliwahi kuniuliza kama kweli mwezi una mvutano. Yule baba wa zamani aliagiza, huyu anazungumza. Kuna upande ambao hatukuwa na usukani wa kutupeleka, na tumo humo.

Mwaka jana, msimu wa korosho, nilimpeleka ghalani. Hakutaka kukaa kwenye gari. Alisimama na fimbo yake karibu na mahali ulipokuwa mwembe, ambao hatimaye ulikatwa, akimtazama kijana mmoja akihangaika kulisogeza Fuso kwenye jukwaa. Nikaona ndio wakati. Nikamweleza habari yote: Mnorwe aliyedhaniwa jasusi, kitabu cha Princeton, kibiriti, elektroni. Nikamwambia kwamba alichofanya Desemba ile kina jina, na kwamba kwa mambo mawili aliyokuwa nayo mikononi, kukunja na kuendesha, mabano yanampa mengine mawili, jumla manne, na manne hayo yanatosha kulifikisha roli popote linapoweza kuwa, limeelekea popote.

Alisikiliza bila kuniangalia.

"Na ukikunja kidogo sana?" akauliza. "Ukikosa nafasi?"

Nikamwambia ndilo swali lenyewe. Pua inageuka kwa kadiri ya mraba wa hatua: ukipunguza mikunjo na miendo nusu, unapata robo. Na kwenda ubavu, ambako ni bano juu ya bano, ni mchemraba: nusu ya hatua, moja ya nane ya faida. Nikachora kwa ncha ya kiatu.

Baba akatazama mchoro. Kijana wa Fuso alikuwa amekata tamaa, ameshuka na kuwasha sigara.

"Siku ile," baba akasema, "ulikuwa unahesabu?"

"Mara ishirini na tatu."

"Mwaka uliotangulia, ukuta ule walikuwa bado hawajaujenga. Nafasi ilikuwa kama mara mbili yake." Akafikiri, midomo ikitembea bila sauti. "Nilirudia mara tatu. Nilisema ukuta ule una uchawi."

Kisha akahamishia fimbo yake mkono wa kushoto, akamwashiria kijana arudi kwenye usukani, na kuanza kutembea kuelekea konani.

"Mwalimu," akaniita bila kugeuka, "simama upande ule. Akikaribia, piga bodi."